Mwalimu Mgeni, Wiki Mbili, Shule ya Bweni: Mwongozo Kamili wa Kusaidia Hisabati Moshi na Arusha

Kila mwaka shule za bweni za huku kwetu hupokea walimu wageni. Wengine ni Watanzania wanaoishi Ulaya au Marekani na wamerudi likizo, wengine ni walimu kutoka Kenya na Uganda, wengine bado wako chuo kikuu. Wanakuja kwa moyo mweupe, wanafundisha hisabati wiki mbili, wanapigiwa makofi paredi, wanaondoka. Mwezi mmoja baadaye daftari za wanafunzi zina makosa yaleyale.

Nimefundisha somo hili Moshi kwa miaka mingi na nimewapokea wengi wao. Karibu wote hukwama mahali palepale: wanafundisha mada ya kidato cha tatu kwa mwanafunzi aliyeachwa njiani tangu darasa la tano. Mwongozo huu unahusu namna ya kurudi pale alipoachwa, kumchukua, na kumkabidhi kwa mwalimu wake akiwa anatembea mwenyewe. Nimeupangia siku kumi za masomo na darasa moja la kidato cha pili au cha tatu lenye wanafunzi 40 hadi 60.

## Vifaa vya kuandaa

- Vizibo vya soda 600 hivi. Waombe wenye maduka na migahawa ya mjini wiki moja kabla, watakuwekea bure. Vioshe na uvikaushe.
- Karatasi za A4 zilizotumika upande mmoja, nyingi kadiri uwezavyo.
- Karatasi tatu za manila, kalamu nene za wino, na gundi ya karatasi.
- Chaki nyeupe na za rangi. Usitegemee za shule.
- Futi ya fundi au rula ya mita.
- Kitabu cha majedwali ya hisabati. Karatasi ya Hisabati ya kidato cha nne imekuwa ikifanywa bila kikokotoo, kwa hiyo nawe kiache chako kwenye begi.
- Kaunta buku moja la kwako. Utaliacha shuleni, kwa hiyo liandike kwa mwandiko unaosomeka.
- Taa ya kuchaji, kwa sababu umeme hukatika wakati wa prepo, yaani kujisomea usiku. Ukija kati ya Juni na Agosti, ongeza sweta zito.

Usilete projekta, wala pipi za kugawa. Projekta hutaiacha, na pipi zinamfundisha mtoto kukungoja wewe.

## Hatua ya 1: Maliza makaratasi na uchague majira

Anza miezi miwili kabla. Kama wewe si raia wa Tanzania, visa ya utalii haikuruhusu kufundisha, hata kama hulipwi senti. Wanaojitolea huombewa kibali cha ukaazi cha daraja C, na shule ndiyo inayopaswa kuanza kukifuatilia Uhamiaji. Mwenye pasipoti ya Kenya au Uganda huingia bila visa, lakini kuvuka Holili au Namanga kihalali si sawa na kuruhusiwa kufundisha. Shule ikiwa ya serikali, mkuu wa shule atahitaji pia ridhaa ya afisa elimu sekondari wa halmashauri.

Majira yana uzito wake. Mitihani ya taifa ya kidato cha pili na cha nne hufanyika kati ya mwisho wa Oktoba na Novemba, kwa hiyo kuanzia Oktoba shule nzima iko mbioni na hakuna atakayekupa darasa kwa utulivu. Januari hadi Machi ni wakati mzuri, na Julai hadi Agosti pia.

Mwandikie mkuu wa shule, kisha omba kuzungumza na mwalimu wa taaluma na mwalimu wa hisabati mwenyewe. Huyu wa mwisho ndiye wageni wengi humsahau, na kumbe ndiye atakayebaki. Muulize swali moja: "Mwalimu, ni jambo gani umelifundisha mara tatu na bado haliingii?" Jibu lake liandike ukurasa wa kwanza wa kaunta buku.

Utajua umefanikiwa ukifika getini na mlinzi anajua jina lako, na mwalimu wa hisabati anajua umekuja kumsaidia yeye, hukuja kumkagua.

## Hatua ya 2: Siku ya kwanza, kaa nyuma

Usifundishe. Keti kwenye dawati la mwisho usikilize kipindi cha mwalimu mwenyeji. Angalia nani ananakili kabla ubao haujajaa, nani anatazama daftari la jirani, nani hajafungua kalamu.

Jioni chukua ratiba ya bweni. Watoto wengi wanaamka saa 11 alfajiri, wanafanya usafi, wanakunywa uji, paredi, kisha vipindi hadi mchana. Baada ya chakula cha mchana macho yako wazi lakini mtu hayupo. Omba vipindi vya asubuhi. Ukikosa, Jumamosi asubuhi baada ya kufua ni nzuri kuliko Jumatano saa nane mchana.

Tahadhari: Usiingie bwenini, huko ni kwa matroni na patroni. Usikae na mwanafunzi mmoja chumba kilichofungwa, usitoe wala kupokea namba ya simu, na usipige picha bila ruhusa ya uongozi. Ukikabidhiwa fimbo, irudishe kwa heshima. Mtoto anayeogopa kuchapwa hawezi kukuonyesha kosa lake, na kosa lake ndilo ulilolifuata.

## Hatua ya 3: Jaribio la kuchunguza

Hapa ndipo wiki mbili zako zinapookoka au kupotea. Siku ya pili wape maswali haya kwa dakika 40. Waambie hayana maksi, hayataonwa na mzazi, na kila hatua ya kazi ibaki kwenye karatasi bila kufutwa.

1. 10 − 4 + 3
2. 7 − 12
3. −3 − 5
4. −4 × −6
5. 1/2 + 1/3
6. 0.3 × 0.2
7. Asilimia 15 ya shilingi 40,000
8. Rahisisha: 3a + 2b − a
9. Tafuta x: 3x − 5 = 10
10. Swali la maneno kwa Kiingereza: mfanyabiashara ana machungwa 36, ameuza theluthi mbili, yamebaki mangapi?
11. Swali la maneno kwa Kiswahili: mama ana mikungu 24 ya ndizi, ameuza robo tatu, imebaki mingapi?

Ni maswali mepesi, na wageni wengine huona aibu kumpa mtoto wa kidato cha tatu. Usione aibu. Usiku huo usihesabu waliopata. Soma waliokosa, maana kila jibu lisilo sahihi lina mantiki yake.

Aliyeandika 3 kwenye swali la kwanza anajua MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) kwa moyo, ila ameielewa vibaya. Anaamini JU inatangulia TO daima, hivyo anajumlisha 4 na 3, kisha anatoa 7 kwenye 10. Jibu ni 9. Kujumlisha na kutoa vina daraja moja, na hufanywa kwa kufuata mstari kutoka kushoto. Kosa hili lina wenyewe wengi kuliko unavyodhani, na halisahihishwi kwa kuwaimbisha MAGAZIJUTO upya.

Aliyeandika 8 kwenye swali la tatu amekariri kwamba hasi na hasi ni chanya. Kanuni hiyo ni ya kuzidisha. Yeye anaipeleka kila mahali. Huyu mara nyingi atapata swali la nne, na hapo mwalimu mwenye haraka atadhani anajua namba hasi.

Aliyeandika 2/5 kwenye la tano amejumlisha kiasi na kiasi, asili na asili. Aliyeandika 0.6 kwenye la sita anaijua 3 × 2 ila hajui desimali inasema nini. Mwenye 5ab − a kwenye la nane anachanganya vitu visivyo vya aina moja.

Maswali mawili ya mwisho yasome pamoja. Aliyepata la ndizi na kukosa la machungwa hana tatizo la hisabati, ana tatizo la Kiingereza, na ukimfundisha sehemu wiki nzima utakuwa unamtibu mguu usiouma. Aliyekosa yote mawili anahitaji sehemu. Madarasa yetu ya bweni yamechanganyika: mmoja ametoka shule ya msingi aliyosoma hisabati kwa Kiswahili miaka yote, jirani yake ametoka shule ya Kiingereza tangu chekechea. Wanakaa dawati moja na wanapewa karatasi moja.

Chora jedwali kwenye kaunta buku: majina chini, maswali juu, na kwenye kila kisanduku andika jibu lenyewe lililokosewa. Alama ya mkasi haikuambii kitu kesho.

Utajua umefanikiwa ukiweza kusema, bila kutazama karatasi, makosa matatu yanayolibeba darasa hili.

## Hatua ya 4: Chagua mambo matatu tu

Siku sita za kufundisha zinatosha mambo matatu. Kwa uzoefu wangu mara nyingi ni namba hasi, sehemu, na kusoma swali la maneno. Mweleze mwalimu mwenyeji jedwali lako na mchague pamoja. Kama yeye ameshafika kwenye logarithimu, mwache aendelee nazo kwenye vipindi vyake. Wewe chukua vya ziada.

Nakumbuka mgeni mmoja, kijana hodari kabisa, aliyefundisha trigonometria siku nane mfululizo kwa michoro ya rangi. Watoto walimpenda. Siku ya tisa alimwita mmoja ubaoni, mtoto akafika hadi mstari wa mwisho, akakwama kwenye 1/2 ÷ 2. Yule kijana aliniangalia, na wote wawili tulijua siku zimekwisha.

## Hatua ya 5: Fundisha kwa mikono kwanza

Namba hasi, siku mbili. Kila watu wawili wape vizibo 20. Kizibo kilichotazama juu ni moja chanya, kilichofunikwa ni moja hasi. Chanya kimoja na hasi kimoja vikikutana vinafutana, vinabaki sifuri.

Waambie waweke hasi tatu, kisha waongeze hasi tano. Wahesabu. Hasi nane. Sasa andika ubaoni −3 − 5 = −8 na usiseme neno; wape muda waone kwamba walichoshika ndicho kilichoandikwa. Kisha 7 − 12, ambapo chanya saba zinafutana na hasi saba na kubaki hasi tano. Baada ya hapo 4 − (−2): wanatakiwa kuondoa hasi mbili, lakini mezani hakuna hasi. Waache wahangaike. Atatokea mmoja wa kuongeza jozi mbili za chanya na hasi, ambazo ni sifuri, kisha aondoe hasi zake abaki na chanya sita. Akitokea, mwite aonyeshe yeye, usionyeshe wewe.

Kuzidisha hasi kwa hasi vizibo haviwezi kueleza vizuri, usilazimishe. Tumia mfuatano:

−4 × 2 = −8
−4 × 1 = −4
−4 × 0 = 0
−4 × −1 = ?

Waulize jibu limekuwa likiongezeka kwa ngapi kila mstari. Wataona ni nne, na mstari wa nne utajijibu wenyewe.

Hali ya hewa ya huku inasaidia pia. Wanaijua Moshi yenye joto, na wanajua usiku kilele cha Kibo, mita 5,895, baridi hushuka chini ya sifuri. Mtoto anayeuona mlima kila asubuhi akitoka bwenini hahitaji mfano kutoka kitabu cha nchi nyingine.

Sehemu, siku mbili. Kata karatasi vipande virefu vinavyolingana. Kila mmoja akunje kimoja kipate sehemu mbili sawa, kingine sehemu tatu, kingine sehemu sita. Kabla ya kufundisha chochote, andika 1/2 + 1/3 = 2/5 ubaoni bila kutaja nani kaandika. Uliza: "Ulikuwa na nusu. Ukaongezewa. Je, 2/5 ni zaidi ya nusu au pungufu?"

Kimya kitapita darasani. Mbili ya tano ni pungufu ya nusu. Mtu hawezi kuwa na nusu chapati, akaongezewa kipande, akabaki na pungufu ya aliyokuwa nayo. Swali hili linafanya kazi kuliko kanuni yoyote ya KDS (kigawe kidogo cha shirika), kwa sababu mtoto anapata kipimo cha kujikagulia mwenyewe hata mwalimu asipokuwepo. Baada ya hapo vipande vya sita vinaonyesha kwamba nusu ni 3/6 na theluthi ni 2/6, na KDS inaingia kama njia ya kutafuta ukubwa wa kipande kinachoingia kotekote.

Tahadhari: Vizibo na karatasi viondoke mezani siku ya pili ya kila jambo. Hatua ya kutoka kitu kwenda alama lazima ivukwe mkiwa pamoja, kwa sababu chumba cha mtihani hakina vizibo.

Mkipata nafasi ya kutoka nje, pimeni mlingoti wa bendera kwa kivuli. Rula ya mita 1 ikitoa kivuli cha mita 0.8 na mlingoti ukitoa cha mita 4.8, mlingoti una mita 6. Fanyeni kabla ya saa nne asubuhi. Sisi tuko karibu na Ikweta, na adhuhuri kivuli kinakuwa kifupi mno kupimika vizuri.

## Hatua ya 6: Eleza kwa Kiswahili, andika kwa Kiingereza

Mtihani ni wa Kiingereza, hilo halibadiliki ndani ya wiki mbili. Lakini mtoto anayefikiri kwa Kiswahili akikatazwa kukitumia, anakatazwa kufikiri. Shule nyingi za bweni zina sheria ya kuongea Kiingereza tu, na wanafunzi huadhibiwa kwa kuivunja. Muombe mkuu wa shule ruhusa ya wazi kwamba kipindi chako ni cha lugha mbili, na awatangazie wanafunzi yeye mwenyewe. Bila hivyo unawaingiza matatani.

Bandika manila ukutani yenye safu mbili. Kila siku maneno matano: asili, kiasi, mzingo, kipeuo cha pili, mlinganyo, na wenzake wa Kiingereza. Wayaandike wanafunzi.

Usiishie kwenye majina. Vitanzi vidogo ndivyo vinavyoangusha. "5 less than x" hutafsiriwa neno kwa neno kuwa 5 − x, kwa sababu tano imetajwa kwanza. Waambie waseme kwa Kiswahili: "x ikipunguzwa tano." Hapo x − 5 inakuja yenyewe. Kwa swali la maneno wafuate utaratibu huu: soma mara mbili, sema kwa Kiswahili kwa jirani bila kutazama karatasi, andika unachotafuta, kisha ndipo ushike hesabu.

## Hatua ya 7: Acha kuuliza "Tumeelewana?"

Jibu la swali hilo ni "Ndiyoo mwalimu!" na limeimbwa hivyo tangu darasa la kwanza. Ni adabu, si taarifa. "Nani hajaelewa?" haliinui hata mkono mmoja.

Badala yake, kila mtu na kipande chake cha karatasi. Unaandika swali, wanaandika jibu kubwa, unasema "nyanyua," na karatasi zote zinapanda pamoja. Kwa sekunde tano umeona darasa zima. Au andika suluhisho lenye kosa moja na uulize kosa liko mstari wa ngapi. Mtoto anayeona haya kusema lake atalisahihisha la ubaoni kwa furaha.

Utajua umefanikiwa siku utakapokosea ubaoni kwa bahati mbaya na mtu akasema, "Samahani mwalimu, mstari wa pili." Mpe chaki.

## Hatua ya 8: Prepo bila wewe

Wageni wenye bidii huenda prepo kila usiku. Nenda mara mbili tu. Usiku mwingine acha maswali matatu, mawili ya jambo la leo na moja la juzi, yafanywe na jozi: mmoja anaeleza, mwingine anaandika, kisha wanabadilishana. Safu za madawati zipewe namba tofauti ili kunakili kusiwe na faida. Asubuhi pitia daftari kumi tu, zisizo za watu walewale.

Mwalimu wa zamu ajue mpango, la sivyo kelele za kuelezana zitahesabiwa utovu wa nidhamu.

## Hatua ya 9: Jaribio la pili na kukabidhi

Siku ya tisa rudia maswali ya Hatua ya 3 kwa namba nyingine. Linganisha kosa kwa kosa. Kama nusu ya waliokosa 1/2 + 1/3 sasa wanapata na wanaweza kueleza kwa nini 2/5 haiwezekani, umefanya kazi kubwa. Usitegemee darasa zima, na usimwambie mkuu wa shule kwamba matokeo ya kidato cha nne yatapanda. Hujui hilo.

Siku ya kumi keti na mwalimu mwenyeji saa nzima. Mpe kaunta buku, vizibo ndani ya mfuko, na ukurasa mmoja wenye majina ya wanafunzi ambao bado wako kwenye kosa la namba hasi, wa sehemu, na wa lugha. Mwonyeshe jozi tatu zinazoweza kuendesha prepo. Akikuomba maswali zaidi, mtumie kwa anwani ya shule kila baada ya wiki tatu, kumi tu, na majibu yake. Panga tarehe ya kwanza mkiwa bado mmekaa.